Kubadilisha kontrol boksi ya injini kwenye Toyota Hilux Vigo ya dizeli: mwongozo kamili

Hilux ikigoma kuwaka, na mashine ya kupimia hitilafu ikachomekwa isisome chochote, neno la kwanza kusikika gereji ni kwamba kontrol boksi, yaani kompyuta inayoongoza injini, imekufa. Mwenye gari anatumwa kutafuta nyingine. Analeta ya mtumba kwa bei ya kuumiza, inafungwa, gari haiwaki. Inaletwa ya pili, haiwaki. Ndipo mtu anapopiga magoti na kuukuta waya wa sensa umechunika na kugusa chuma cha injini, kazi ya utepe na dakika chache.

Kontrol boksi hufa kweli, na ikifa haina budi kubadilishwa. Lakini kuifungua na kuifunga ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi yenyewe ni kuthibitisha kwamba imekufa, kujua kilichoiua, kupata inayolingana, na kuhamisha taarifa zilizokuwa ndani yake. Anayeruka mojawapo ya hayo anacheza na fedha za mwenye gari.

Nimechagua Hilux Vigo kwa sababu ndiyo pikapu iliyojaa shambani, migodini, kwenye miradi na barabara za vumbi za Afrika Mashariki. Hapa nazungumzia zile za dizeli zenye reli ya mafuta, yaani bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote: injini ya 2KD-FTV ya cc 2,494 na 1KD-FTV ya cc 2,982. Angalia kibao cha chesi ndani ya chumba cha injini. Ukikuta KUN15 au KUN25, ni 2KD. KUN16 au KUN26, ni 1KD. Hilux za kizazi kilichoingia mwaka 2015 zenye injini za GD zina utaratibu wao, usizichanganye na hizi.

Kilichoiua ni nini?

Anza na historia ya gari kabla ya kushika spana. Muulize dereva, tena kwa upole, maana dereva akihisi analaumiwa atakuficha jambo lenyewe unalolihitaji. Je, gari lilichomelewa hivi karibuni? Bomba la mbele, keria au chesi ikichomelewa huku betri imefungwa, umeme wa mashine ya kuchomea hutafuta njia ya kurudi, na njia hiyo inaweza kupita ndani ya kontrol boksi. Je, lilibustiwa? Lori kubwa lina betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24. Dereva aliyekwama porini akipata msaada wa Fuso na nyaya zikafungwa kwenye ncha zisizo sahihi, Hilux ya volti 12 inapokea mara mbili ya uwezo wake. Kugeuza chanya na hasi nako kuna madhara yale yale.

Uliza pia kuhusu maji. Kontrol boksi ya Vigo imekaa nyuma ya kabati dogo la dashibodi, upande wa abiria. Kioo cha mbele kilichobadilishwa na kubandikwa vibaya huvujisha mvua upande huo, na bomba la kutolea maji ya kiyoyozi likiziba, maji hurudi ndani na kulowesha zulia la abiria. Panya nao ni maadui wa kweli kwa gari linalolala karibu na ghala la nafaka. Mwisho kabisa, altaneta. Ikiwa inachaji kupita kiasi, ukifunga kontrol boksi mpya bila kuirekebisha umeandaa mazishi ya pili.

Kuthibitisha kwamba imekufa

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Unahitaji multimita nzuri, mashine ya kupimia inayoweza kuongea na Toyota kwa undani (programu ya Techstream kwenye kompyuta ndogo inafaa sana), na mchoro wa waya wa gari lenyewe. Bila mchoro unabahatisha.

Pima betri kwanza. Ikiwa imepumzika na ina chaji kamili itasoma kama volti 12.6. Mwambie mwenzako apige starta huku ukitazama mita: isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Betri dhaifu huifanya kontrol boksi izime na kuwaka upya wakati starta inazunguka, na huweza kuacha misimbo ya hitilafu inayomfanya fundi aamini kuwa boksi ni bovu. Kama betri ni dhaifu, weka nzima, futa misimbo, kisha anza upya.

Sasa washa swichi bila kupiga starta na utazame dashibodi. Taa ya injini inapaswa kuwaka. Ikiwaka na mashine ikaweza kusoma data, kontrol boksi ina umeme na ubongo wake unafanya kazi. Hiyo haimaanishi kwamba ni nzima kila mahali, lakini sababu ya gari kutowaka itafute kwanza kwenye mafuta, sensa ya krenki, nozeli na kifaa kinachoitwa EDU, kilicho ndani ya chumba cha injini. EDU ndiyo inayopandisha volti za kufungulia nozeli. Ikifa, gari haliwaki, na kontrol boksi hulaumiwa bure. Tahadhari: nyaya kati ya EDU na nozeli hubeba volti nyingi sana injini inapozunguka. Usizichome kwa mita wala kwa vidole.

Taa isipowaka na mashine isiposoma, fuata umeme. Kontrol boksi hii hupata waya mmoja wa moto moja kwa moja kutoka betri kwa ajili ya kumbukumbu, hata gari likiwa limezimwa. Ukiwasha swichi, waya mwingine huiambia iamke. Ikiamka, yenyewe huvuta rilei kuu (swichi inayovutwa kwa umeme), na rilei hiyo ndiyo inayoiletea umeme wa kufanyia kazi. Kwa hiyo kagua fyuzi zilizoandikwa ECD au EFI kwenye boksi la fyuzi la injini, na fyuzi ya swichi ndani ya gari. Usizitazame kwa macho tu. Zipime kwa mita pande zote mbili swichi ikiwa imewashwa. Kisha shika rilei kuu kwa kidole mwenzako akiwasha swichi. Ukisikia inagonga, ujue boksi imeamka na kutoa amri. Isipogonga, pima kama waya wa swichi unafika kwenye soketi ya boksi ukiwa na volti za betri.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Usiipime kwa omu, kwa sababu uzi mmoja wa shaba uliobaki utakuonyesha omu sifuri ilhali hauwezi kubeba mzigo. Weka mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye pini ya ethi ya kontrol boksi ikiwa bado imechomekwa, kisha piga starta. Isome chini ya volti 0.1. Ikivuka 0.2 kuna boliti legevu, kutu au waya uliooza mahali. Boliti za ethi kwenye injini na kwenye bodi zifunguliwe, zisuguliwe mpaka chuma king'ae, zifungwe tena. Kuna pikapu nyingi zilizopona hapo hapo.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo ningependa kila fundi aijue kwa moyo. Kontrol boksi hutengeneza volti 5 na kuzigawa kwa sensa: sensa ya shinikizo la reli, ya pedali ya mafuta, ya shinikizo la turbo na nyinginezo. Kwenye mchoro waya huo huandikwa VC. Sensa moja tu ikiwa na shoti ndani, au waya wake wa VC ukigusa ethi, volti 5 zote huanguka na ubongo wa boksi huzimika nazo. Dalili zake ni zile zile za boksi iliyokufa: taa ya injini haiwaki, mashine haisomi, gari haliwaki.

Chomoa soketi ya sensa ya shinikizo la reli, washa swichi, pima waya wa VC dhidi ya ethi. Unatarajia volti kati ya 4.5 na 5.5. Ukikuta sifuri au volti moja na ushee, acha swichi ikiwa imewashwa, weka mita mahali unapoiona, na uanze kuchomoa sensa zinazotumia VC moja baada ya nyingine. Pindi volti 5 zinaporudi na taa ya injini ikawaka, sensa uliyoichomoa mwisho ndiyo mwizi wako. Ukizichomoa zote na volti zisirudi, zima swichi, toa betri, chomoa soketi za kontrol boksi, kisha pima kwa omu kati ya waya wa VC na ethi ya bodi. Ikionyesha omu chache, shoti iko kwenye wayaringi. Ikiwa mita haionyeshi waya huo kugusa ethi popote, na boksi inapata umeme na ethi safi lakini haitoi volti 5, hapo una ushahidi.

Kagua pia mawasiliano, ikiwa gari lako lina mtandao wa CAN, yaani nyaya mbili ambazo maboksi ya gari huongelea. Toa hasi ya betri, kisha kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani pima omu kati ya pini namba 6 na 14. Mtandao wa CAN ulio salama husoma karibu omu 60, kwa sababu una vizuizi viwili vya omu 120 vilivyo sambamba. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika, na kwa kuwa kontrol boksi ya injini kwa kawaida ni moja ya ncha hizo, kagua waya wake kabla ya kuihukumu. Msimbo U0100 unaposomwa kwenye boksi ya breki (ABS) au boksi nyingine maana yake ni kwamba boksi hiyo haisikii injini. Hausemi kwa nini.

Kuna boksi zinazoongea vizuri na mashine lakini zinaumwa ndani. Misimbo P0601, P0605, P0606 na P0607 inazungumzia kumbukumbu na ubongo wa kontrol boksi yenyewe. Ifute, hakikisha umeme na ethi ni safi, endesha kidogo. Ikirudi, boksi ni mgonjwa. Kesi nyingine ni boksi iliyoungua njia moja tu, kwa mfano inayoendesha SCV, vali inayodhibiti mafuta yanayoingia kwenye pampu. Hapo pima vali yenyewe na waya wake wote. Waya ukiwa mzima, vali ikiwa nzima na amri haitoki, njia ya ndani imeungua. Na karibu kila mara iliunguzwa na shoti ya nje, kwa hiyo itafute shoti hiyo mpaka uione.

Usiazime kontrol boksi ya Hilux ya jirani kujaribia kabla ya kumaliza hatua hizi. Kama shoti ipo, utaua na ya jirani. Na kama gari lina imobilaiza, yaani ulinzi unaozuia injini kuwaka bila ufunguo wake, boksi ya jirani haitawasha gari hata ikiwa nzima, hivyo jaribio lenyewe halikufundishi kitu.

Kutafuta nyingine

Fungua kabati la dashibodi, soma karatasi iliyobandikwa kwenye boksi, uipige picha. Kontrol boksi za injini za Toyota zina namba inayoanza na 89661, na za familia hii ya Hilux hufuatiwa na kistari kisha 0K na tarakimu nyingine. Namba yote ilingane, mpaka tarakimu ya mwisho. Boksi ya gia za mkono na ya gia za otomatiki zinaweza kufanana kwa umbo na soketi huku programu zikiwa tofauti. Vivyo hivyo ya 2KD na ya 1KD. Toyota hutoa pia namba mpya zinazochukua nafasi ya zile za zamani, na wakala mwenye namba yako ya chesi anaweza kukuambia iliyorithi yako. Neno la muuzaji kwamba "hizi zote zinaingiliana" lisikutoshe.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: Vigo haikuuzwa Japani. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini mwake mwaka 2004 na ikarudi nayo mwaka 2017. Ukielezwa Kariakoo, Gerezani au Kirinyaga Road kwamba boksi ya Vigo imetoka Japani, uliza zaidi. Vigo zilitengenezwa Thailand, Afrika Kusini na kwingineko, na mitumba yake hutoka kwenye masoko zilikouzwa, yakiwemo ya Ghuba. Boksi ya Prado au Hilux Surf kutoka Japani inaweza kuwa ya injini ile ile ya 1KD lakini si ya gari lako.

Kwa ya mtumba, itazame kwa makini kabla ya kulipa. Skrubu za kifuniko zisiwe na mikwaruzo ya bisibisi. Pini ziwe zimenyooka, zisiwe na ukoko wa kijani wala mweupe. Inuse, harufu ya kuungua haifichiki. Ukiitikisa isicheze kitu ndani. Mwambie muuzaji aandike kwenye risiti namba ya boksi na siku ngapi unaweza kuirudisha. Akikataa kuandika, nenda duka la pili.

Kabla ya kununua kabisa, fikiria matengenezo. Fundi wa bodi za elektroniki mwenye darubini na mkono mtulivu anaweza kurejesha njia ya shaba iliyoliwa na maji, au kubadilisha kipande kilichoungua. Faida yake ni kubwa kuliko bei: taarifa zote za gari lako zinabaki ndani. Mimi kwa boksi iliyolowa maji bila kuungua ningeanzia huko.

Taarifa zilizo ndani

Kontrol boksi mbili zenye namba moja bado hazifanani ndani. Kuna mambo mawili yanayofungamana na gari lako.

La kwanza ni imobilaiza. Si kila Hilux inayo. Nyingi za kazi zililetwa bila hiyo. Angalia kama kuna taa nyekundu ya ulinzi inayowakawaka kwenye dashibodi ufunguo ukiwa nje. Ikiwa ipo, kontrol boksi haitaruhusu injini iwake mpaka itambuane na upande wa ufunguo. Ukifunga boksi ngeni, gari litapiga starta tu, au litawaka na kuzima baada ya sekunde chache, na mashine inaweza kuonyesha B2799.

La pili ni nozeli. Hakuna nozeli mbili zinazomwaga mafuta sawasawa kabisa, kwa hiyo kiwanda huipima kila moja na kuandika juu yake namba ya masahihisho. Kwenye nozeli za aina hii ni mfululizo wa tarakimu na herufi 30, kuanzia 0 hadi 9 na A hadi F. Kontrol boksi huzitumia kusawazisha silinda. Boksi mpya au ya mtumba haizijui nozeli zako. Bila kuziingiza, injini itatetemeka, itatoa moshi, na msimbo P1601 unaweza kujitokeza.

Kama boksi ya zamani bado inaongea na mashine, soma namba hizo kutoka ndani yake na uzihifadhi kabla hujaifungua. Zilinganishe na zilizo juu ya nozeli zenyewe, kwa sababu inawezekana aliyebadilisha nozeli siku za nyuma hakuziingiza. Kama haiongei, safisha vichwa vya nozeli kwa kitambaa, piga picha zenye mwanga wa kutosha, na andika ipi ni ya silinda gani kuanzia upande wa mbele wa injini. Herufi B na tarakimu 8 hukosewa sana, vivyo hivyo D na 0. Soma mara mbili, na mwenzako asome kivyake.

Njia ya tatu, ambayo mafundi wazoefu huipenda, ni kunakili. Ndani ya boksi kuna chipu ndogo ya kumbukumbu yenye miguu minane, mara nyingi ya familia ya 93C, inayobeba taarifa za imobilaiza. Mwenye vifaa huisoma kutoka boksi ya zamani na kuiandika kwenye nyingine yenye namba ile ile. Ni kazi nzuri ikifanywa na anayeijua. Akupe nakala ya faili zote mbili, la kwako na la asili la boksi ya mtumba, uzihifadhi. Hata baada ya kunakili, thibitisha namba za nozeli kwenye mashine.

Kufungua na kufunga

Egesha gari mahali pakavu na tambarare, vuta breki ya mkono. Toa ufunguo. Fungua waya wa hasi wa betri na uuweke mbali, kisha subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi. Muda huo ni kwa ajili ya mifuko ya hewa, kwa sababu mfumo wake hubaki na umeme kidogo. Soketi yoyote ya njano utakayoiona eneo hilo ni ya mifuko ya hewa, iache ilivyo.

Ondoa kabati dogo la dashibodi upande wa abiria pamoja na vipande vya plastiki vilivyo chini yake. Skrubu ziweke kwenye kikopo kimoja. Kontrol boksi utaiona ikiwa ni sanduku bapa la chuma lenye soketi kadhaa pana. Kabla hujagusa soketi, shika chuma kitupu cha bodi ili umeme tuli ulio mwilini uondoke, na rudia kila unapotoka na kurudi.

Piga picha ya mpangilio wa nyaya. Kila soketi ina kifungo. Kibonyeze mpaka mwisho halafu vuta kwa kushika mwili wa soketi, kamwe usivute nyaya. Ikigoma, ujue kifungo hakijaachia. Kisha fungua nati zinazoshikilia mabano yake, spana namba 10 inatosha, na uitoe pamoja na mabano. Mabano yahamishie kwenye boksi nyingine kwa mpangilio ule ule.

Sasa, kabla ya kufunga, kagua soketi za wayaringi kwa tochi. Ukiona ukoko wa kijani, nyunyizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, sugua kwa brashi laini, acha ikauke kabisa. Pini iliyopanuka ndani ya soketi ya kike haishiki vizuri na italeta hitilafu inayokuja na kuondoka. Na ikiwa boksi ya zamani ilikufa kwa maji, mwaga maji kwenye kioo cha mbele na uangalie ndani. Njia ya maji izibwe leo, pamoja na bomba la kiyoyozi. Usifunge boksi mahali panapodondoka maji.

Weka boksi, fungia nati bila kulazimisha, chomeka soketi moja moja mpaka usikie kifungo kinalia. Acha kabati la dashibodi likiwa wazi, utalifunga mwisho. Hakikisha swichi imezimwa na taa zote zimezimwa, ndipo urudishe hasi ya betri.

Kuiwasha mara ya kwanza

Washa swichi tu, usipige starta. Taa ya injini iwake. Rilei kuu igonge. Nusa karibu na boksi, weka kiganja juu yake. Ikipata joto upesi zima na utoe betri. Kama kila kitu ni shwari, chomeka mashine na usome misimbo. Iliyoandikwa na gari la awali itakuwepo. Ihifadhi, kisha ifute.

Chaji betri au iunganishe na chaja imara kabla ya kuandika chochote, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika unaweza kuharibu kumbukumbu. Kwa Techstream, ingia kwenye sehemu ya injini na uingize namba za nozeli, silinda moja baada ya nyingine. Zima swichi, iwashe tena, usome kama zimekaa. Mashine ikikuonyesha kipengele cha kuanzisha upya kumbukumbu ya pampu ya mafuta, kifanye pia, kwa sababu boksi ya mtumba ilikuwa imejifunza tabia ya pampu ya gari jingine. Ikikuomba namba ya chesi, andika iliyo kwenye gari lako.

Imobilaiza sasa. Kwa Hilux zenye boksi la imobilaiza lililo peke yake, kuna utaratibu wa Toyota wa kuyafanya maboksi mawili yatambuane bila mashine. Ukiwa na waya mfupi, unganisha pini namba 13 na namba 4 kwenye soketi ya kupimia. Washa swichi bila kupiga starta, uache hivyo kwa dakika 30. Zima swichi, toa waya, kisha jaribu kuwasha; injini iwake na iendelee zaidi ya sekunde 3. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa kuwa namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja na ukiikosea utaunguza fyuzi au zaidi. Gari lisipokubali kwa njia hii, boksi limebeba imobilaiza kwa namna nyingine na unarudi kwenye kunakili chipu au kwa fundi wa funguo mwenye vifaa vya Toyota.

Kama chujio au bomba la mafuta liliguswa, pampu mafuta kwa mkono mpaka pampu ya chujio iwe ngumu. Piga starta. Usilegeze nati yoyote ya mabomba ya reli ili kutoa hewa kama ilivyozoeleka kwenye injini za zamani za pampu ya kawaida. Shinikizo la reli hupita bar 1,000, na mafuta yanayochuruzika kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Jeraha lake huonekana dogo lakini ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Vipimo baada ya kuwaka

Acha injini ipate joto bila kukanyaga mafuta, kiyoyozi na taa vikiwa vimezimwa. Pima chaji kwenye betri: volti 13.5 hadi 14.5. Ikikaribia 15 na kupita, zima na utengeneze altaneta kabla ya jambo jingine lolote.

Kwenye data za mashine, linganisha shinikizo la reli linalotakiwa na lililopo. Vipimo viwili hivyo vifuatane kwa ukaribu, hata unapokanyaga mafuta polepole. Tazama pia masahihisho ya kila silinda injini ikiwa ya moto. Toyota huyataka yawe kati ya -3.0 na 3.0. Silinda moja ikitoka nje ya hapo, rudi ukahakiki kama namba yake uliiandika sawa kabla ya kulaumu nozeli. Mbili zikitofautiana kwa kupishana, moja juu sana na nyingine chini sana, huenda uliandika namba ya silinda moja kwenye nyingine.

Toka barabarani na mashine ikiwa imechomekwa. Panda mlima kwa gia ya juu, shuka bila mafuta, simama, zima, washa tena injini ikiwa ya moto. Jaribu kiyoyozi, taa kubwa na vipangusio kwa pamoja ili kuupa umeme mzigo. Ukirudi, soma misimbo upya, hata ile iliyosubiri bila kuwasha taa. Kisha tikisa kwa mkono wayaringi iliyo karibu na injini wakati inanguruma. Injini ikitetereka, kuna waya bado haujapona.

Ndipo urudishe kabati la dashibodi. Ndani yake bandika karatasi yenye namba ya boksi iliyofungwa, tarehe, na namba nne za nozeli. Boksi ya zamani usiiuze wala kuiacha gereji: ikiwa data zake hazijasomwa, ndiyo nakala pekee ya imobilaiza ya gari hilo. Mkabidhi mwenye gari ndani ya mfuko mkavu, na mwambie kwamba siku atakapopeleka pikapu kuchomelewa, fundi atoe waya zote mbili za betri, achomoe soketi za kontrol boksi, na abane kishikio cha ethi cha mashine yake karibu kabisa na pale anapochomea.